Taa za ukungu: Wakati wa kuziwasha na wakati wa kuzizima

MADEREVA wanaosafiri alfajiri katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania wanaifahamu vema hali hii: gari limekuwa likienda katika hewa safi, limepanda kilima kidogo, na ghafla mbele hakuna kitu isipokuwa weupe. Mstari wa katikati ya barabara unaonekana hatua chache tu, kisha unapotea. Dereva mmoja anawasha taa zote alizonazo. Wa pili anawasha indiketa zote kwa pamoja. Wa tatu haoni sababu ya kuwasha chochote, kwa kuwa kumekwisha pambazuka. Wote watatu wamejiweka hatarini, na kila mmoja amewaweka hatarini wenzake.

Taa za ukungu zilibuniwa kwa ajili ya hali hiyo. Hata hivyo, ni miongoni mwa taa zinazotumiwa vibaya zaidi katika gari. Mjini huwashwa usiku mkavu usio na ukungu wowote, kana kwamba ni mapambo. Mlimani, zinapohitajika, huachwa zimezimwa, au gari halina kabisa ile ya nyuma ambayo ndiyo muhimu zaidi. Kujua wakati wa kuziwasha ni nusu ya elimu yake. Nusu ya pili ni kujua wakati wa kuzizima.

Ukungu unaozungumziwa

Kwa wataalamu wa hali ya hewa, ukungu ni matone madogo sana ya maji yanayoelea karibu na ardhi na kupunguza umbali wa kuona hadi chini ya kilomita moja. Kwa dereva, kipimo hicho ni kikubwa mno. Anayeona mita 800 mbele yake anaweza kuendesha bila shida. Kwa hiyo si kila asubuhi yenye utando mweupe inahitaji taa za ukungu.

Katika Afrika Mashariki, ukungu wa barabarani hutokea kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni pale upepo wenye unyevunyevu unapopanda miteremko ya milima, ukapoa na kugeuka mawingu yanayoigusa ardhi. Ndiyo hali inayowakuta wanaopita milima ya Uporoto katika barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, wanaopanda Lushoto kutoka Mombo, au wanaofika ukingoni mwa bonde la Ngorongoro asubuhi. Nchini Kenya, wasafiri wa barabara ya Nairobi kwenda Naivasha hukutana nao katika maeneo ya Limuru na Kinale. Ukungu wa aina hii huweza kuja saa yoyote na huja kwa mafungu: mita 300 za weupe, kisha anga safi, kisha weupe tena.

Njia ya pili ni ya mabondeni. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto, hewa iliyo juu yake hupoa na mvuke uliomo hugeuka matone. Ukungu huu kwa kawaida huyeyuka jua linapopanda. Anayeweza kuahirisha safari kwa saa moja au mbili mara nyingi hukuta barabara imefunguka, na hiyo ni kinga bora kuliko taa yoyote.

Kwa nini taa kali hazisaidii

Jambo la kwanza analolifanya dereva mwenye hofu ni kuongeza mwanga. Huwasha taa kubwa za mbali, maarufu kama "fulu", akitumaini kuupasua ukungu. Matokeo yake ni kinyume. Kila tone la maji hutawanya mwanga pande zote, na sehemu ya mwanga huo humrudia dereva machoni. Ni sawa na kumulika tochi ndani ya jiko lililojaa moshi wa kuni: moshi ndio unaoonekana, na vyungu vilivyo nyuma yake havionekani. Katika ukungu, "fulu" hujenga ukuta mweupe mbele ya kioo.

Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ni kutumia mwanga wa chini, yaani "dimu". Taa za ukungu za mbele huja baada ya hapo, kama nyongeza. Hufungwa chini, kwa kawaida kwenye bampa, na mwanga wake umekatwa kwa juu na kutandazwa kwa upana. Kwa kuwa haupandi kwenda usawa wa macho ya dereva, mwanga unaorudishwa na matone ni mdogo. Hivyo dereva huuona ukingo wa lami, mistari na mtaro vilivyo karibu naye.

Neno "karibu" lina uzito wake. Taa hizi zinamwonyesha dereva mahali alipo barabarani, lakini haziongezi umbali anaoweza kuona mbele. Anayeziwasha na kisha kuongeza mwendo kwa kujiona ameuona ukungu mzima anajidanganya.

Ipo pia imani ya siku nyingi kwamba taa ya manjano hupenya ukungu kuliko nyeupe. Matone ya ukungu ni makubwa mno yakilinganishwa na mawimbi ya mwanga, hivyo huutawanya mwanga wa rangi zote kwa kiasi kinachokaribiana. Ndiyo maana ukungu wenyewe ni mweupe. Ufaransa ililazimisha taa kubwa za manjano kwa magari yake hadi 1993, kisha ikaachana na sharti hilo. Wapo madereva wanaosema manjano hayawachoshi macho, na kanuni za kimataifa zinaruhusu rangi zote mbili kwa taa za ukungu za mbele. Kinachofanya kazi hasa, hata hivyo, ni mahali taa ilipofungwa na umbo la mwanga wake.

Taa ya nyuma ndiyo yenye uzito

Katika ukungu mzito, hatari kubwa mara nyingi hutoka nyuma. Anayekwenda polepole kwa uangalifu anaweza kugongwa na asiyemwona. Taa ndogo nyekundu za nyuma za kawaida ni hafifu mno kwa hali hiyo. Kanuni za kimataifa za vifaa vya magari zinataka taa ya kawaida ya nyuma iwe na nguvu ya kandela 4 hadi 17 hivi, wakati taa ya ukungu ya nyuma hutakiwa kuwa kati ya kandela 150 na 300. Hiyo kwa kawaida ni zaidi ya mara kumi. Tofauti hiyo ndiyo inayompa dereva wa nyuma sekunde za kukanyaga breki.

Uingereza ililitambua hilo mapema: magari yaliyoanza kutumika huko kuanzia Aprili 1, 1980 hulazimika kuwa na angalau taa moja ya ukungu nyuma. Nyingi za Ulaya hubeba moja tu, na wenye magari hayo wasishangae kuona upande mmoja unawaka na mwingine hauwaki.

Wamiliki wengi wa magari Dar es Salaam, Nairobi au Kampala wako katika hali tofauti. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki hutoka Japani, ambako taa ya ukungu ya nyuma si ya lazima. Gari linaweza kuwa na taa mbili nzuri za ukungu mbele na lisiwe na hata moja nyuma. Mwenye gari huweza kumiliki chombo hicho miaka kumi bila kulijua jambo hilo, mpaka siku anayoihitaji.

Kulithibitisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye dashibodi, alama ya taa ya mbele ni ya kijani: taa iliyoelekea kushoto, yenye mistari iliyoinama na kukatwa na mstari wa mawimbi. Ya nyuma ni ya rangi ya chungwa na imeelekea kulia. Ikiwa swichi au alama ya pili haipo, gari huenda halina taa hiyo. Fundi wa umeme wa magari anaweza kuifunga, na vifaa hupatikana katika maduka ya vipuri. La kuzingatia ni kwamba iwe na swichi yake yenyewe, iwake tu wakati taa nyingine za gari zimewashwa, na isikae chini ya sentimita 10 kutoka kwenye taa ya breki, isije ikaifunika.

Kipimo ni mita 100

Swali linalobaki ni lini hasa taa hizi ziwashwe. Mkataba wa Vienna wa Usafiri wa Barabarani wa 1968 unaruhusu taa za ukungu katika ukungu mzito, theluji inayoanguka, mvua kubwa na hali zinazofanana na hizo tu. Nchi mbalimbali zimeitafsiri kanuni hiyo kwa vipimo. Mwongozo wa madereva wa Uingereza unazungumzia kutoona zaidi ya mita 100. Ujerumani ina sharti kali zaidi kwa taa ya nyuma: iwashwe pale tu ukungu unapopunguza umbali wa kuona chini ya mita 50, na hapo mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Vigingi vya kando ya barabara kuu za nchi hiyo vimesimikwa kila baada ya mita 50, hivyo dereva hupima kwa kuvitazama.

Kwa msafiri wa Afrika Mashariki, kipimo rahisi ni uwanja wa mpira wa miguu, ambao urefu wake hukaribia mita 100. Ikiwa dereva, akiwa golini, asingeliona goli la upande wa pili, wakati wa taa za ukungu umefika. Akiliona, mwanga wa chini unatosha.

Mvua kubwa inaingia katika kanuni hiyohiyo, lakini kwa tahadhari. Maji yaliyoko kwenye kioo na lami huutawanya mwanga mwekundu mkali na kumpofusha aliye nyuma. Ufaransa inakataza taa ya ukungu ya nyuma katika mvua, na kuiruhusu kwa ukungu na theluji tu. Kwa mvua za masika za Pwani, mwanga wa chini na mwendo mdogo hutosha mara nyingi. Taa ya nyuma iachwe kwa zile dakika ambazo hata gari la mbele limetoweka. Moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi zito la barabara za changarawe navyo hupimwa kwa mita 100 zilezile.

Kuzizima ni wajibu

Ukungu unapofunguka, taa hizi zinapaswa kuzimwa mara moja. Mwanga wa taa ya nyuma unakaribiana na ule wa taa ya breki na huzidi. Ikiachwa inawaka katika hewa safi, dereva anayefuata hushindwa kutambua haraka lini gari la mbele limeanza kusimama, na macho yake huumia usiku kucha. Anayeisahau taa hiyo baada ya kuvuka mlima huenda akaifikisha hadi mjini, akiwa na msururu wa watu wanaomlaani bila yeye kujua.

Taa za mbele nazo zina madhara yake. Usiku wa mvua mjini, mwanga wake mpana huakisiwa na lami iliyolowa na kuwaingia machoni wanaokuja. Hali huwa mbaya zaidi kwa taa za ziada zenye nguvu zinazofungwa juu ya mabasi na malori, ambazo wengi huziita taa za ukungu ingawa hazina umbo wala kimo chake. Taa iliyofungwa juu ya paa haiwezi kuwa ya ukungu; kazi yake humo ni kuuchoma ukungu mweupe na kuurudisha kwa dereva mwenyewe na kwa wote wanaokutana naye.

Makosa yanayozoeleka

Kosa la kwanza ni kuendesha huku indiketa zote zikiwaka, yaani "hazadi". Wengi hufanya hivyo kwa nia njema. Lakini ishara hiyo humwambia anayefuata kwamba gari limesimama au limeharibika, na huzima uwezo wa dereva kuonyesha anakata kona upande gani. Katika msururu ambao kila mmoja amewasha hazadi, gari lililosimama kwelikweli halina tena namna ya kujitambulisha. Hazadi ni ya anayesimama, au anayepunguza mwendo ghafla kwa sababu ya hatari iliyo mbele.

Kosa la pili ni jipya na huwapata wenye magari ya kisasa. Taa za mchana zinazowaka zenyewe katika magari mengi huwaka mbele tu. Nyuma gari huwa giza. Aidha, kifaa kinachowasha taa kubwa chenyewe hupima kiasi cha mwanga, wala hakipimi ukungu. Saa tatu asubuhi ukungu mweupe huwa na mwanga wa kutosha kukidanganya. Dereva huona dashibodi inang'aa, akaamini taa zake zinawaka, kumbe nyuma haonekani. Swichi igeuzwe kwa mkono.

Kosa la tatu ni kuzifuata taa nyekundu za gari la mbele kama kiongozi. Huleta faraja, lakini anayelifuata kwa karibu hulazimika kwenda kwa kasi ya mwenzake, asiyoichagua, na hufika pamoja naye mtaroni.

Taa haisimamishi gari

Mwongozo wa Uingereza unakadiria kwamba gari dogo linalokwenda kilomita 48 kwa saa huhitaji mita 23 kusimama, kuanzia dereva anapoona hatari. Kwa kilomita 80 huhitaji mita 53, na kwa kilomita 112 ni mita 96. Hizo ni hesabu za lami kavu na breki nzima. Lori lililobeba shehena huhitaji zaidi. Kilomita 80 kwa saa, ambacho ndicho kikomo cha mabasi ya abiria nchini Tanzania na Kenya, ni sawa na mita 22 kila sekunde. Katika ukungu wa mita 50, basi linalokwenda kwa kasi hiyo halivunji kikomo, lakini haliwezi kusimama kabla ya kufikia kile ambacho dereva amekiona. Hakuna taa inayobadili hesabu hiyo.

Wala macho si kipimo cha kuaminika. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff uliochapishwa 1998 katika jarida la Nature uliona kwamba mandhari yakififia, watu hudhani wanakwenda polepole kuliko ilivyo. Utafiti mwingine wa Ujerumani uliochapishwa 2012 uliona kinyume chake pale ukungu unapozidi kwa umbali kama ulivyo barabarani. Kwa dereva jibu ni moja: atazame kipima mwendo, asikisie.

Desemba 11, 1990, karibu na mji wa Calhoun katika jimbo la Tennessee, Marekani, magari 99 yaligongana katika ukungu wa ghafla kwenye barabara kuu. Watu 12 walifariki dunia na 42 walijeruhiwa. Baada ya hapo barabara hiyo iliwekewa vifaa vya kutambua ukungu, mabango ya kubadili kikomo cha mwendo na utaratibu wa kuifunga. Septemba 5, 2013, zaidi ya magari 100 yaligongana asubuhi kwenye daraja la Sheppey katika jimbo la Kent, Uingereza. Hakuna aliyekufa, lakini baadhi ya walioshuhudia walieleza kwamba wapo waliokuwa wakienda kasi bila kuwasha taa. Hiyo ni nchi ambayo kila gari jipya lilikuwa na taa ya ukungu nyuma kwa zaidi ya miaka 30. Taa ilikuwepo, mkono wa kuiwasha na mguu wa kupunguza mwendo ndivyo vilivyokosekana.

Gari likiharibika

Hatari hufikia kilele gari linaposimama ndani ya ukungu. Likiwezekana litolewe nje kabisa ya lami, hazadi ziwashwe, na abiria washuke upande usio na magari na kusogea mbali na barabara. Pembetatu yenye kuakisi mwanga iwekwe mbali nyuma ya gari, si hatua tano. Mazoea ya kutandika matawi ya miti barabarani hayafai hapa: jani bichi haliakisi mwanga, na katika ukungu dereva hulitambua akiwa amekwisha kulikanyaga.

Kwa ufupi, mpangilio ni huu. Ukungu ukianza, punguza mwendo na washa mwanga wa chini, hata kama ni mchana. Umbali wa kuona ukipungua chini ya mita 100, ongeza taa za ukungu, mbele na nyuma. Washa waipa na kipasha joto cha kioo, fungua dirisha kidogo kusikiliza honi na miungurumo, na acha nafasi ya kutosha mbele. Umbali ukishuka hadi mita chache, tafuta kituo cha mafuta au eneo salama nje ya barabara na usubiri. Hewa ikifunguka, zima taa za ukungu kabla ya kuongeza mwendo.

Na kabla ya safari ya kwenda Mbeya, Njombe au Lushoto, mtu mmoja asimame nyuma ya gari wakati mwingine akibonyeza swichi. Kama hakuna taa nyekundu kali inayowaka, ni bora kulijua hilo gari likiwa bado nyumbani.